Kiberiti Kilichonusurika Mlimani

Njooni, enyi mliokaa na mliosimama, mlioshika vikombe na mlioshika simu. Sogeeni, mtege masikio, kwani leo yasimuliwa habari ya vita vilivyopiganwa juu ya kilima chenye urefu wa hatua kumi na nane, kwa muda usiozidi dakika nne, baina ya binti mmoja mwembamba na kiberiti kimoja kilichokuwa na njiti nusu. Majeshi yamepigana kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na majemadari wamejengewa sanamu kwa kazi nyepesi zaidi. Mwenye kicheko na acheke sasa amalize, maana tukishaanza kupanda hatusimami.

Shujaa wetu aliitwa Sindano. Jina la cheti lilikuwepo, ila hata mama yake alikuwa ameliacha humo humo kwenye cheti. Aliitwa Sindano kwa wembamba wake, na kwa kuwa mama yake alikuwa fundi cherehani, Malkia wa Kola, Mshindi wa Pindo na Marinda, ambaye katika chumba kimoja chenye dirisha la kutazama barabarani aliwavisha sare watoto wa shule tatu. Umri wa Sindano ulikuwa miaka kumi na minane na miezi miwili, umri ambao serikali humwona mtu anafaa kukabidhiwa tani nzima ya chuma chenye magurudumu, na jamaa zake humwona hafai kukabidhiwa rimoti.

Uani kwao kulisimama pikapu ya samawati, iliyoachwa na marehemu baba yake, yenye taa moja nzima na nyingine ya kufikirika. Kwa karatasi zote ilikuwa mali ya mama. Lakini ufunguo ulikaa mfukoni mwa Mjomba, kaka mkubwa wa mama, kwa hoja kwamba katika ukoo mzima yeye peke yake ndiye dereva. Na huyo Mjomba, Simba wa Usukani, Nguli wa Miaka Thelathini Barabarani, hakuwahi hata siku moja kukataa kupeleka mzigo wa sare. La hasha! Alitaka kuombwa tu. Aombwe kwanza kwa simu, aombwe tena ana kwa ana, kisha aketi, aletewe chai, asimulie namna alivyowahi kuteremka mlima mkali bila breki huku akipiga mluzi, kisha atazame saa, apige miayo, aseme, "Leo tena? Ngoja kesho tuone."

Ndivyo ilivyotokea kwamba muhula mmoja sare za darasa la kwanza zilifika shuleni siku mbili baada ya watoto. Mwalimu mkuu akamwambia mama mbele ya wazazi waliopanga foleni, "Fundi, kushona unajua. Kutimiza ahadi ndiko hujui." Mama alirudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani bila kushona chochote, mikono mapajani, na Sindano alimwona kupitia mlango ulioachwa wazi nusu.

Hapo ndipo ghadhabu ilipovaa viatu. Binti akasimama katikati ya marobota ya vitambaa kama jemadari katikati ya bendera, akainua mita ya fundi juu, akanena: "Sikia, ewe mama uliyenizaa! Naapa mbele ya mkasi huu na pasi ile, sitalala usingizi wa raha, wala sitakula nikashiba, mpaka nimepata leseni ya kuendesha gari, na siku hiyo hutambembeleza tena mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke!"

Mama akamtazama juu ya miwani. "Sawa, mwanangu. Ila shuka kwenye hicho kitambaa, ni cheupe."

Basi Sindano akaingia shule ya udereva.

Shule hiyo ilikuwa na chumba kimoja, gari moja na mwalimu mmoja, na kati ya hivyo vitatu, chumba ndicho kilichokuwa kizima. Katikati ya chumba kulikuwa na meza kubwa iliyochorwa mji mzima: barabara, vivuko, mzunguko, hospitali, hata mto. Juu yake wanafunzi waliendesha vigari vya plastiki kwa vidole, wakitamka kwa sauti moja, "Natazama kulia, natazama kushoto, natazama tena kulia." Katika mji huo wa mbao Sindano hakuwa na mpinzani. Alipita mizunguko kwa kidole kimoja, aliwapisha waenda kwa miguu wasiokuwepo, aliegesha mbele ya hospitali kwa unadhifu ambao ungewaliza wagonjwa kwa furaha. Wiki mbili nzima alitawala bila kumwaga damu wala mafuta.

Mwalimu aliitwa Taratibu. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu neno hilo ndilo lilikuwa mtaala wote. "Taratibu," alisema gari likiondoka. "Taratibu," alisema gari likikata kona. "Taratibu, taratibu, taratibu," alisema akizungumza na simu, na haikujulikana kama anamwambia mwanafunzi au mkewe. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, boneti nyekundu, kibao cha shule juu ya paa kikiegemea upande mmoja kama kofia ya mlevi. Lakini siri ya gari hilo ilikuwa upande wa abiria, alipokaa yeye: chini ya miguu yake kulikuwa na pedeli mbili za ziada, breki na klachi, zilizowekwa ili mwalimu aokoe maisha ya watu pale itakapobidi.

Taratibu aliokoa maisha ya watu kila sekunde. Aliyaokoa gari likiwa linaondoka, likiwa linasimama, likiwa linabadili gia. Na kwa kuwa miguu yake ilifanya kazi hiyo gizani chini ya dashibodi, na mdomo wake ukisema, "Safi sana, unaona sasa," Sindano akaamini kwamba kipaji kimeshuka juu yake kama mvua. Alirudi nyumbani kila jioni akitembea kwa kukata kona. Kabla ya kuingia jikoni alitazama kulia, kushoto, na kulia tena.

Wiki ya nne, asubuhi moja, Taratibu alikuja amevaa kiatu mguu mmoja na ndala mguu mwingine. Mtungi wa gesi ulikuwa umemwangukia, na kidole gumba kilikuwa kimefungwa bandeji kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. "Leo utapanda kilima nyuma ya karakana," akasema. "Simama katikati, kisha uondoke. Umeshafanya hivyo mara kumi."

Naam, alikuwa amefanya mara kumi. Akapanda nusu, akasimama, akaachia breki akingoja kipaji. Kipaji hakikuja. Kilikuwa ndani ya bandeji. Gari likaanza kurudi nyuma, kwanza kwa aibu, kisha kwa bidii, kisha kwa furaha. Taratibu akasahau neno lake pekee na kupiga ukelele ambao haumo katika mtaala. Na gari likateremka kilima chote kinyumenyume, likaangusha mapipa matatu matupu yaliyovuma kama ngoma za kutangaza msiba, likasimama kwenye rundo la matairi chakavu.

Sindano akatazama chini, akaona pedeli mbili upande wa mwenzake, zimeng'aa kwa kusuguliwa, wakati za upande wake bado zina vumbi. Akaelewa yote.

"Mwalimu," akasema polepole, "mimi nilikuwa najifunza kukaa kwenye gari. Wewe ndiye uliyekuwa unaendesha."

Taratibu akanyoosha mgongo, akasafisha koo, akahutubia: "Binti! Mimi katika shule hii nimetoa madereva mia nne na kumi. Mia nne na kumi! Wametawanyika kila barabara ya nchi hii, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika!"

"Sasa watarudije, mwalimu, kama hawajui kuondoka?"

Mwalimu akakumbuka simu yake, akaiweka sikioni ingawa haikuwa imelia.

Tarehe ya mtihani, hata hivyo, ilikuwa imeshawekwa, na haikujali bandeji. Kwa hiyo sasa wasikilizaji washike mioyo yao, maana anaingia adui.

Mtahini wa ofisi ya leseni aliitwa Rudi Mwezi Ujao. Hayo ndiyo maneno aliyowaambia watahiniwa, na wengi hawakuwahi kusikia maneno yake mengine. Alikuwa mtu mfupi mwenye ubao wa kuandikia uliobanwa kwapani, kalamu ya pili sikioni kama akiba ya risasi, na uso uliofungwa kama dirisha la ofisi saa sita. Uwanja wake wa vita ulikuwa nyuma ya ofisi: mteremko wa lami, ukuta upande mmoja, benchi la watahiniwa upande wa pili. Na silaha yake ilikuwa kiberiti. Mtahiniwa alisimamisha gari katikati ya mlima, Rudi Mwezi Ujao alishuka, akachuchumaa, akakisimamisha kiberiti vidole viwili nyuma ya tairi la nyuma, akarudi kukaa ndani, akasema, "Ondoka." Gari likirudi nyuma kwa upana wa vidole viwili, kiberiti kilisagwa, na pamoja nacho matumaini ya familia.

Mara ya kwanza Sindano hakupigana hata nusu dakika. Alisikia mlio mdogo, *kwach*, kama mtu aliyekanyaga biskuti. Mtahini hakugeuka kutazama. "Rudi mwezi ujao."

Mjomba alikuja siku hiyohiyo kutoa pole, akiwa na furaha ambayo hakuweza kuificha hata kwa kikombe.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Pole. Lakini nikwambie ukweli? Klachi ni kipaji. Mtu huzaliwa nayo. Mimi nilipokwenda kwenye mtihani wangu, mtahini alishuka, akanipa mkono, akasema, 'Mzee, wewe unafaa kunifundisha mimi.' Na wakati huo sikuwa mzee! Nilikuwa na miaka ishirini na mbili! Wewe, mwanangu, una moyo mzuri, una sura nzuri, lakini mguu huna. Mguu huna! Kaa na mama yako, mshone. Mambo ya barabara mwachieni Mjomba." Kisha akageukia kikombe. "Dada, hii sukari mmeacha kununua?"

Sindano akaingia chumba cha kushonea, akafunga mlango, akalia ndani ya robota la kitambaa cha kaki, kwa kuwa kaki haionyeshi madoa.

Mjomba alipoondoka, mama akaingia. Huyu mama hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Alikaa kwenye cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu, ya chuma cheusi, iliyomzidi umri, akauliza, "Hebu niambie. Hiyo klachi inafanyaje?"

"Unaikanyaga, halafu unaachia kidogokidogo."

"Ukiachia haraka?"

"Gari linazima."

"Ukichelewa?"

"Linarudi nyuma, mama. Linarudi nyuma tu."

Mama akafikiri. "Kumbe ni cherehani," akasema. "Hii nayo ukiikanyaga vibaya mwanzo, gurudumu linazunguka kinyume, uzi unakatika. Toka hapo kwenye kaki. Njoo ukae."

Hivyo yakaanza mazoezi ambayo hayajafundishwa katika chuo chochote cha kijeshi. Mama alitunga uzi, akaweka kipande cha kitambaa chini ya sindano, akampa mwanawe sharti moja: kuanzisha cherehani kwa miguu peke yake, bila kugusa gurudumu kwa mkono, na uzi usikatike. Siku ya kwanza ulikatika mara thelathini na moja. Siku ya tatu Sindano alitupa kitambaa ukutani na kutamka neno ambalo mama alijifanya hakulisikia. Siku ya tano mama akasema, akiwa anakata vifungo pembeni, bila kuinua kichwa:

"Unautazama mguu. Usiutazame, sikiliza. Kabla haijaamua kwenda, inatetemeka kidogo. Kidogo sana. Hapo usiikimbize wala usiiogope. Isubiri hapo hapo, itakwenda yenyewe."

Sindano akafumba macho. Chini ya unyayo akahisi mtetemo mwembamba, kama paka anayeota. Akasubiri. Cherehani ikaenda mbele, *taka-taka-taka*, mshono ukanyooka hadi mwisho wa kitambaa na kuanza kushona hewa. Mwisho wa mwezi alikuwa ameunga kola tisini kwa namna hiyo, na hakuna mtoto aliyezivaa aliyejua kwamba shingoni amefungwa silaha ya vita.

Siku ya pili ya mapigano ikapambazuka. Kwenye benchi walikaa watahiniwa saba. Sindano alikaa katikati, viatu amevua, akisugua nyayo.

Wa kwanza kuitwa alikuwa kijana wa miwani ya jua, ambaye baba yake alikuwa mtu wa kujulikana. Kijana akaingia kwenye gari. Mtahini akaingia. Gari halikuwashwa. Walizungumza habari za afya ya baba, afya ya mama, afya ya mbwa. Kisha Rudi Mwezi Ujao akasema maneno ambayo benchi zima lilidhani hayamo kinywani mwake: "Naona umekaa vizuri. Umepita." Kijana akatoka, akaingia kwenye gari la baba yake lililokuwa langoni, akalirudisha nyuma kwa ushujaa, akaangusha kibao kilichoandikwa TAFADHALI EGESHA KWA UANGALIFU, akaenda zake. Karani wa ofisi akatoka, akakiinua, akakipangusa, akakisimamisha. Alionekana amezoea.

Sasa, ni lazima lielezwe jambo moja ambalo bila hilo historia hii isingeandikwa. Asubuhi hiyo Rudi Mwezi Ujao alikuja na gari jipya. Lilikuwa na rangi ya maziwa, viti vyake bado vimevaa nailoni, harufu ya duka ikitoka hata milango ikiwa imefungwa. Na kwa kuwa jua lilikuwa kali na kivuli pekee kilikuwa kile cha ukuta, yeye aliegesha chini ya mteremko wa mtihani, hatua nane tu nyuma ya pale kiberiti kinapowekwa.

"Mwambie alisogeze," karani alimnong'oneza Taratibu, aliyekuja na gari la shule la kufanyia mtihani, pedeli zake za ziada zikiwa zimeng'olewa kwa amri ya ofisi.

"Mwambie wewe."

"Mimi nina watoto."

Hakuna aliyemwambia.

Watano waliofuata walizimikiwa na gari kabla hata ya kufika katikati, wakaambiwa warudi mwezi ujao. Kisha likaitwa jina la cheti, na Sindano alichelewa kuitika kwa kuwa alikuwa amelisahau.

Akaingia. Akafunga mkanda kama afungaye deraya. Akatazama kulia, kushoto, na kulia. Akapanda, akasimama katikati ya mlima, akavuta breki ya mkono. Rudi Mwezi Ujao akashuka, akachuchumaa, akakisimamisha kiberiti chake mahali pake, akarudi, akafunga mlango. Akafungua kinywa aseme "Ondoka," na katika kufungua kinywa macho yake yakapita kwenye kioo cha pembeni. Na kiooni mle, akaona gari la rangi ya maziwa.

Kinywa kikabaki wazi.

Basi tazameni, enyi wasikilizaji, jinsi dunia inavyopinduka! Yule ambaye mbele yake wametetemeka watoto wa watu miaka kumi na mitano, alishika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na dashibodi kwa mwingine, na jasho likachomoza juu ya mdomo wake, tone moja, kisha tone la pili kuja kulitazama la kwanza. Aliwakumbuka wale watano. Akakumbuka kiberiti cha mwezi uliopita. Akaitazama breki ya mkono ya gari la Taratibu, ambayo ilikuwa imefungwa kwa waya.

"Binti," akasema kwa sauti laini kama ya daktari, "zima gari."

"Nimekosea wapi, mheshimiwa?"

"Hujakosea. Nimeona inatosha. Vuta hiyo breki vizuri, uzime, ushuke taratibu. Umepita."

Hapo, ndugu zangu, ndipo pigano lenyewe lilipokuwa, na wengi wetu tungelala chali tukashangilia. Leseni ilikuwa pale, imewekwa mapajani mwa Sindano kama kikombe cha chai. Asingehitaji kuinua hata kisigino. Kwenye benchi wenzake walinyoosha shingo bila kuelewa. Sindano alimwona kijana wa miwani akilini, akaona pedeli zilizong'aa za Taratibu, akaona pikapu ya samawati iliyosheheni sare, imesimama kwenye mteremko wa kuingia lango la shule, na watoto wakipita nyuma yake. Alitaka sana kuzima.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti ilimtetemeka hata ikawa si ya kishujaa hata kidogo, "mimi nimekuja kutahiniwa. Nikishuka hapa bila kupanda, mlima wa lango la shule nitaupanda na nini?"

"Nimesema zima! Hiyo ni amri ya ofisi! Unajua lile gari limetoka bandarini juzi?"

"Silioni, mheshimiwa. Natazama mbele."

Akakanyaga klachi. Akaingiza gia ya kwanza. Akaongeza mafuta kidogo, injini ikanguruma kama mzee aliyeamshwa. Rudi Mwezi Ujao akafumba macho na kuanza kuomba, akichanganya dua na namba ya bima. Sindano akaanza kuinua mguu wa kushoto, na akaacha kuufikiria. Akasikiliza. Palikuwa na kelele ya injini, palikuwa na pumzi za mtahini, palikuwa na karani dirishani akisema, "Mungu wangu, Mungu wangu"; na chini ya hayo yote, mbali, chini ya unyayo, ukaja ule mtetemo mwembamba. Hakuukimbiza. Akausubiri hapo hapo. Akaishusha breki ya mkono.

Gari halikurudi nyuma kidole. Halikurudi nyuma unywele. Lilisimama kitambo kidogo juu ya mtetemo wake, kama linalotafakari ukoo wake, kisha likapanda. Likapanda hatua ya kwanza, ya tatu, ya saba; likapita ukuta, likapita dirisha la karani, likafika kileleni penye pipa la taka, likasimama sawasawa, na indiketa ikiwaka.

Benchi likalipuka. Walioambiwa warudi mwezi ujao walipiga makofi kuliko wote. Taratibu aliinua mikono juu na kutangaza, "Wa mia nne na kumi na moja!" Karani alikimbia chini, akakiokota kiberiti, akakiinua juu ya kichwa ili kila mtu akione: pembe zote nne nzima, hata karatasi haikukunjika.

Mtahini alifungua jicho moja. Alipoliona gari lake bado lina umbo la gari, uso wake ulijifunga tena. Akachukua ubao, akaanza kuandika kwa kukandamiza. "Umekataa maelekezo ya mtahini," akasema akiandika. "Kosa kubwa hilo. Rudi mwezi—"

"Sawa, mheshimiwa," akasema Sindano, mikono bado imeng'ang'ania usukani kwa sababu alishindwa kuibandua. "Ila naomba uandike na sababu ya maelekezo. Hapo kwenye mstari wa maelezo. Kwamba uliniambia nizime kwa kuwa gari lako limeegeshwa kwenye uwanja wa mtihani. Nami nitaweka sahihi."

Kalamu ikasimama. Mtahini akatazama benchi, likamtazama. Akatazama dirisha, karani akamtazama, kiberiti mkononi. Kisha Rudi Mwezi Ujao akafuta alichoandika, akaandika neno moja, akalipigia mhuri kwa ngumi.

"Nenda dirisha namba tatu," akasema. "Na ukimwona mtu huko chini, mwambie asisogelee gari langu."

Dirisha namba tatu mashine ya kadi ilikuwa mbovu, kwa hiyo shujaa alipewa karatasi yenye mhuri, ya kutumia mpaka kadi itakapotoka. Aliibeba kwa mikono miwili njia nzima.

Nyumbani alimkuta Mjomba kitini. Ilikuwa siku ya kufungua shule. Mafurushi ya sare mia moja na arobaini yalikuwa yamepangwa mlangoni tangu alfajiri, na mama alikuwa amesimama kando yake, mikono imefungwa kifuani, akisikiliza kwa mara nyingine habari ya mlima na mluzi. Sindano akaiweka karatasi mezani, pembeni ya sahani ya Mjomba.

Mjomba akaisoma. Akaisoma tena. Kisha akasimama, akatandaza mikono, akahutubia: "Damu yangu! Nilisema! Nani hakunisikia nikisema? Huyu mtoto ana mguu, nilisema, mguu wa kwetu! Mimi ndiye niliyemtia moyo, mwezi uliopita tu, hapa hapa, nilimpa maneno mazito—"

"Kaka," mama akasema.

"—maneno mazito, na leo mnayaona matunda! Sasa hivi nitaendesha mimi, yeye atakaa pembeni aone namna ya—"

"Kaka. Ufunguo."

"Ngoja basi nimalize chai."

"Maliza, kaka. Chai ni yako." Mama alinyoosha kiganja, na hakukirudisha. Mjomba alikitazama kile kiganja chenye alama za sindano za miaka ishirini, akatazama mlango, akaingiza mkono mfukoni polepole kama anayeng'oa jino. Alipoutoa, ufunguo uliambatana na kitambaa cha jasho na pipi moja. Mama alichukua ufunguo tu.

Pikapu ilizima langoni. Ni lazima iandikwe, kwa kuwa sisi si waongo. Mjomba alitoka barazani na kikombe chake akapaza sauti, "Mnaona! Mnaona!" Sindano akaiwasha tena, mama akiwa pembeni yake ameshika mafurushi mawili mapajani na macho amekaza mbele kama abiria wa meli ya vita, na safari hii ikatoka, ikaingia barabarani, ikawapisha waenda kwa miguu wawili ambao walikuwepo kwelikweli.

Basi waandishi na waandike, na wasio na kalamu wakariri: kwamba siku ya kwanza ya muhula, saa sita kasoro dakika kumi, mzigo wa sare mia moja na arobaini ulipanda mteremko wa lango la shule kwa gia ya kwanza, ukafika kabla ya kengele ya saa sita, muda ulioahidiwa, ukapokelewa na mwalimu mkuu aliyezihesabu sare zote kwa mkono wake na kutia sahihi, na kwamba katika safari yote hiyo, tangu mlangoni hadi darasani, hakuna mtu yeyote aliyebembelezwa.